Jibu la Bwana Pole

Ndugu zangu, asubuhi nyumba ya mdogo wangu ilikuwa raha tupu. Yeye na mkewe walikunywa chai wakitaniana, kisha wakaagana koridoni kama wasafiri: huyu sebuleni, yule chumba cha kulala. Saa mbili kamili kila mmoja yuko kazini.

Mdogo wangu alijibu malalamiko ya wateja kwa maandishi, ndiyo maana tulimwita Bwana Pole. Wifi yangu alisikiliza rekodi za mikutano na kuzichapa. Wakajiwekea sharti: saa za kazi hakuna kugonga mlango, mwenye neno aandike kwenye simu. Nami nilicheka! Laiti ningegomba.

Kazi ya nyumbani haina kengele ya kutokea. Saa kumi ikawa saa mbili usiku, chai ikawa kila mtu na kikombe chake mbele ya kompyuta. Wifi akakonda, akawa analia ovyo. Nilimwambia apumzike, akanijibu:

"Wifi, mimi si nipo nyumbani tu? Nikisema nimechoka, nani atanielewa?"

Jumatano moja, saa saba mchana, alimwandikia mumewe: "Kichwa kinapasuka. Mkono umekufa ganzi. Njoo."

Bwana Pole alikuwa na wateja tisa wanaomsubiri. Akasoma nusunusu, akabandika lile jibu lake la kila siku: "Pole kwa usumbufu. Tumepokea tatizo lako na tunalishughulikia. Tafadhali endelea kusubiri."

Na wifi yangu, jamani, akasubiri.

Mdogo wangu alifungua mlango wa mkewe saa kumi na moja. Wifi alikuwa sakafuni, rekodi ya mkutano bado inaongea masikioni mwake.

"Ni kiharusi," daktari alituambia. "Presha imempanda muda mrefu. Mngemleta mchana, tungeokoa mengi."

Leo upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki. Mdogo wangu ameacha kazi. Anamlisha, anamwogesha, anamsemesha kutwa. Juzi nilimsikia akimwambia, "Nitukane basi, mke wangu. Neno moja tu." Wifi alimtazama, machozi yakamtoka. Niliondoka kwa sababu sikuweza kuvumilia.

FUNZO

Ninyi mnaofanya kazi nyumbani, wake kwa waume, wekeni saa ya kuacha, na ikifika mwache kweli. Kuchoka si aibu, hata kama umechokea nyumbani kwako. Na wa kwako akikuita, inuka uende. Kutoka kiti cha mdogo wangu hadi mlango wa mkewe ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu mwenyewe.