Gille Aliyetembea Bila Ngoma

Nzigire alisukumwa hadi mgongo ukagota kwenye chuma.

Ulikuwa wavu. Siku za kanivali wenye maduka wa Binche, mji mkongwe wa Ubelgiji, huziba madirisha yao. Nyuma chuma, mbele uwanja uliofurika watu. Pa kutokea hapakuwapo.

Kidude kilichokuwa sikioni kikakwaruza.

"Unamwona?" Alikuwa Kiprotich, mkuu wake wa upelelezi, kutoka Columbus, Marekani.

"Naona mamia, bosi. Wote sura moya."

Magille, wanaume wa mji ule, walikuwa wakipita na vinyago vya nta: miwani ya kijani, sharubu nyembamba. Vifua walivijaza majani makavu. Viatu vyao vya mbao vilitwanga mawe, na kila kundi lilikuwa na mpiga ngoma wake.

Mmoja wao alikuwa Mirindi wa Buffalo, msafirishaji wa magendo. Ndani ya majani ya kifuani alificha kifaa kilichoibwa kiwandani Columbus, kidogo kama kiberiti, cha kuielekeza droni hadi dirisha la mtu. Wanunuzi wangekifikisha Kivu kabla ya Pasaka.

"Akitoka hapo tumempoteza," Kiprotich alisema. "You copy?"

Nzigire alihisi mdomo wa bastola ubavuni mwake.

"Tulia," mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alimwambia kwa Kiingereza. "Rafiki yetu akishapita, tutaondoka wote."

Akakichomoa kile kidude sikioni mwake, akakiponda kwa kisigino.

Nzigire hakuwa na nafasi hata ya kuinua mkono. Apige kelele? Ngoma zingezimeza.

Kushoto kwake alisimama Delfina, bibi aliyempangisha chumba. Tangu jana alikuwa akimsimulia mila za mji: alfajiri Magille hula chaza, hawaketi barabarani, na Gille hapigi hatua bila ngoma.

Hapo Nzigire akaona kinyago kimoja kikiambaa na ukuta kuelekea kichochoroni.

Peke yake.

Akamgeukia Delfina, akatabasamu, akauliza kwa Kifaransa kama mtalii yeyote:

"Samahani, mama. Yule pale, mbona anatembea bila ngoma?"

Mwenye koti hakuelewa hata neno.

Delfina akatazama. Uso ukamkunjamana.

"Yule si wa kwetu," alisema, kisha akampigia kelele mpiga ngoma wa karibu.

Ngoma ile ikanyamaza. Ikafuata ya pili. Vinyago vikageuka vyote, na viatu vya mbao vikaanza kumzingira Mirindi.

Mwenye koti alitupa jicho huko.

Ilitosha. Nzigire alimpindua kifundo cha mkono, akamvunja pua kwa kiwiko. Bastola ikaanguka. Akaikanyaga mpaka polisi walipojipenyeza.

Mirindi alikuwa amevuliwa kinyago, jasho likimtiririka. Zamani alimfundisha Nzigire kuimba, katika kwaya ya East Side, kule Buffalo.

"Donc ni wewe, mwana yangu," alisema.

"Ni mimi, baba." Nzigire alitia mkono kwenye majani, akakitoa kifaa. "Shangazi Cibalonza iko Kivu bado. Ulijua."

Mirindi akainamisha kichwa.

Nzigire aliazima simu ya Delfina.

"Nimekipata, bosi."

"Kazi safi. Kuna ndege jioni. Panda hiyo."

"Bon, nitapanda ya kesho. Mchana Magille wanarushia watu machungwa, na mama mwenye nyumba amenishikia nafasi."

Akakata simu, akapandisha kola, akapotelea kwenye mlio wa ngoma.