Kiapo cha Akina Mama wa Wexcombe

Mimi si mtu wa kuogopa hovyo. Miaka thelathini nimekuwa mkunga hapa Wexcombe. Nimepokea watoto kwenye mazizi na kwenye vitanda vya hariri, na nimefumba macho ya maiti bila mkono kutetemeka. Kwa hiyo nikikwambia niliogopa, ujue niliogopa kweli.

Ilianza kwa mkate wa nyama.

Mume wangu, Josiah Huckvale, ni bawabu wa mahakama. Jaji hutujia mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Julai, na akija kesi hukimbizwa kutoka asubuhi mpaka mishumaa iwashwe. Josiah akikaa na njaa hafai hata kusalimiwa. Basi jioni hiyo ya Machi, jua likizama, nikafunga mkate wa nyama ya nguruwe kwenye kitambaa nikampelekea. Nilikusudia kumwachia mlangoni na kurudi zangu. Lakini nilisikia ndani wanahukumu, na mimi na umbea ni chanda na pete. Nikaingia.

Kizimbani alisimama Hester Pym, mtumishi wa nyumba ya mwanasheria mmoja wa barabara ya juu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mikono imebabuka kwa sabuni. Aliiba kikombe cha fedha. Kingekuwa kitambaa, wazee wa baraza wangesema ni kuukuu, bei yake kidogo, na binti angepona. Wanafanya hivyo kila mwaka. Lakini fedha hupimwa kwenye mizani, na mizani haina huruma.

"Una neno lolote," jaji aliuliza, "kabla sijakuhukumu kunyongwa?"

Hester alishika ukingo wa kizimba.

"Nina mimba, bwana mkubwa."

Hapo ungewaona wanawake wa Wexcombe wanavyokimbia! Maana sheria ni hii: mwanamke ambaye mtoto anacheza tumboni hanyongwi mpaka ajifungue, na wengi wakishajifungua husamehewa, au hupelekwa ng'ambo. Lakini wa kumpima si daktari. Ni wanawake kumi na wawili, wowote waliokutwa mle ndani. Wanakamatwa pale pale, wanaapishwa, na hawatoki mpaka wakubaliane.

"Funga mlango!" karani alipiga kelele.

Josiah akafunga.

"Josiah, ni mimi mkeo!"

"Nakuona. Na mkate nauona. Ulete huku, ukae."

"Mimi nilikuja kuota moto tu jamani!" alilia Dorcas Pridmore, muuza mishumaa, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala. "Nimeacha uji jikoni!"

"Utaukuta umeganda," Josiah akamjibu. Watu wakacheka. Hester hakucheka.

Kwa kuwa nilikuwa mkunga, nikafanywa msemaji wa wenzangu. Tuliweka mikono juu ya Kitabu, mmoja mmoja, tukaapa kumpima kwa haki. Josiah naye akaapa kutulinda bila chakula, bila maji, bila moto ila mshumaa mmoja. Akatufungia chumba cha nyuma pamoja na Hester. Nilimsikia akitafuna mkate wangu nje ya mlango.

Chumba kilikuwa baridi mno. Hester alilala juu ya meza, meno yakigongana. Nilisugua viganja vyangu vipate joto, nikaviweka tumboni mwake.

Tumbo lilikuwa tupu.

Sikuhitaji muda. Lilikuwa tumbo la mtu mwenye njaa, basi. Nilimwangalia usoni, naye akajua kwamba nimejua.

"Bi Tabitha," alinong'ona, "mimi nimekosa. Lakini nife kwa kikombe?"

Moyo wangu uliniuma. Nilikuwa nimewazalisha wanawake wa rika lake siku ile ile. Nikageuka kwa wenzangu.

"Hana kitu," nikasema kwa sauti ya chini. "Mnasemaje?"

"Tuseme anacho," Dorcas akasema. "Kwani tutakuwa wa kwanza? Mama yangu aliapa hivyo hivyo, na aliishi mpaka themanini. Hata jaji anajua. Hebu tumalize, miguu yangu imekufa ganzi."

Wote waliitikia kwa kichwa isipokuwa mmoja. Keziah Loam, mjane mzee kuliko sisi sote, alikuwa amesimama kwenye kona, mbali na mshumaa. Ilisemekana bibi yake aliponea chupuchupu kuzamishwa bwawani kwa uchawi.

"Mwacheni aombe msamaha kwa njia nyingine," alisema. "Uongo wa mdomoni ni upepo. Uongo wa kwenye Kitabu ni mbegu. Wanawake kumi na wawili mnamtaja mtu ambaye hayupo. Je, akisikia?"

"Nani asikie?"

"Huyo asiyekuwepo."

Kisha Dorcas akapiga chafya, tukacheka, na Keziah akashindwa nguvu. Mtu mmoja hawezi kuwashikilia kumi na mmoja kwenye baridi ile. Akatikisa kichwa tu.

Tukatoka. Karani akaniuliza. Nikasema kwa sauti, mbele ya jaji na mji mzima:

"Ana mimba. Na mtoto anacheza."

Nilimwona Hester akishtuka. Si kwa furaha. Alishtuka vile mtu anavyoguswa bega kwa nyuma, akashika tumbo kwa mikono yote miwili. Nikadhani anaigiza. Nikasema moyoni, huyu binti ana akili.

Julai jaji alirudi, na mke wa askari jela, Bi Maud Tranter, akanisimamisha sokoni.

"Hongera mkunga. Hujakosea," alisema. "Tumbo lile limefika hapa."

Nilimvuta pembeni. "Nani alimwingilia?"

"Nani tena? Si mlisema alikuja nayo? Mle ni wanawake watupu, na ufunguo nalala nao." Alinitazama kwa makini. "Kwani vipi?"

"Hakuna," nikasema.

Nilihesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa tisa ukafika, sikuitwa. Wa kumi. Wa kumi na moja... Watu wakaanza kusema Hester ameficha mito chini ya gauni. Mimi nilikaa kimya. Nilianza kupita njia ya mbali ili nisilione gereza.

Machi ikaja tena, na jaji akakasirika. Miezi kumi na miwili! Akaamuru wanawake wale wale waitwe. Kama mtoto hayupo, alisema, Hester atanyongwa Jumamosi. Tulikuwa kumi na mmoja. Keziah Loam alikuwa amekufa majira ya baridi, na nafasi yake akachukua mke wa mwokaji.

Tulipofungua mlango wa chumba cha nyuma, harufu ilitupokea. Udongo uliochimbwa sasa hivi. Na utambi wa mshumaa uliozimwa. Dorcas alifunika pua.

Hester alilala juu ya meza ile ile. Mikono yake ilikuwa mifupa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, nywele zimepukutika. Tumbo peke yake lilikuwa limenona.

Na lilikuwa linagonga.

Tok... tok... tok...

Taratibu. Mtu mwenye subira mlangoni.

"Bi Tabitha." Midomo ya Hester haikufunguka vizuri. Niliinama mpaka sikio likaugusa uso wake. "Sema hakuna kitu."

"Hester, nikisema hivyo watakunyonga."

"Najua."

"Jumamosi hii!"

"Najua siku. Nimeihesabu." Alishika ukosi wangu. "Hazaliwi huyu. Hana siku ya kuzaliwa, maana hakuwa na siku ya kuanza. Nikila, anakula. Nikilala, anaamka. Mwaka jana ulidanganya nikaishi. Danganya tena. Nakuomba... danganya mara moja tu."

Niliweka viganja tumboni. Nilikuwa nataka kumsaidia, nakuapia. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Chini yake kitu kiligeuka, polepole. Kikatafuta mkono wangu. Kikaupata.

Vidole vitano.

Vilinishika kupitia ngozi, vikafumba. Niliwahi kushikwa na mamia ya watoto wachanga, na hakuna hata mmoja aliyenishika hivyo. Huyu alinijua.

Nilijitoa kwa nguvu, nikajibanza ukutani. Dorcas alikuwa anasali. Wengine walisema fanya atakavyo, Tabitha, mwonee huruma, sisi tutakufuata. Wote kumi na mmoja walikuwa tayari.

Mimi ndiye sikuwa tayari.

Niliwaza maneno ya Keziah. Niliwaza uongo mmoja umeleta hiki, wa pili utaleta nini? Sikumwaza Hester. Niliwaza roho yangu mimi, na kitanda changu, na usingizi wangu. Nikatoka mbele ya jaji, karani akauliza, nikajibu:

"Ana mimba. Na mtoto anacheza."

Safari hii ilikuwa kweli tupu. Nyuma ya mlango Hester alilia. Nimesikia vilio vya waliohukumiwa kufa. Vile vina mwisho. Kile cha aliyehukumiwa kuishi sijui kama kimeisha hadi leo. Jaji alipanga karatasi zake, akasema mfungwa arudishwe mpaka Julai, akaita kesi nyingine.

Kesho yake jioni nilichemsha supu ya mifupa nikaenda gerezani. Dhamira ilinisuta. Bi Maud alinipa ufunguo mlangoni.

"Huingii nami?" nikamuuliza.

"Mimi? Thubutu! Sijaingia tangu Krismasi. Chakula nasukuma kwa ufagio."

Hester alikuwa ameegemea ukuta, mwanga wa mwisho wa siku ukimpiga magotini. Alikuwa mtulivu. Hiyo ilinitisha kuliko kilio.

"Ulisema kweli, Bi Tabitha."

"Nilisema kweli."

"Imekufaa?"

Niliweka bakuli chini, kwa pupa, supu ikanirukia gauni.

Tok... tok... tok...

"Nisamehe, Hester."

Kugonga kukakoma. Kukawa kimya kabisa.

Hester alitazama tumbo lake, kisha akanitazama mimi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umeona? Kwangu hatulii hata nimwimbie. Sauti yako tu."

"Wewe ndiye mama yake," nikasema haraka. "Mtoto humjua mama yake."

"Ndiyo. Humjua." Alijishika tumbo bila upendo, vile mpagazi anavyoshika mzigo wa mtu. "Mimi sikumtaka, wala sikumtaja kwa jina la mtoto. Nilisema mimba, kwa kuogopa kitanzi. Aliyesema mtoto anacheza ni wewe. Ukasema tena jana. Mimi ni nyumba tu, Bi Tabitha. Amepanga."

"Nyamaza."

"Anasubiri mwenyewe aje amchukue."

Hapo akalia.

Si Hester. Kilio kilitoka chini ya ngozi, kidogo, cha mbali, kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa. Ninakijua kilio hicho kuliko ninavyoijua sauti ya mume wangu.

Nilikimbia. Sikufunga hata mlango. Nilipofika nyumbani gauni langu lilikuwa limelowa kifuani, nikasema ni supu. Nikavua nilifue. Halikuwa na harufu ya supu.

Lilikuwa ni maziwa.

Nina miaka sitini na moja. Sijawahi kuzaa.

Nilijifunga kitambaa kwa nguvu nikalala nacho. Asubuhi kilikuwa chepechepe. Sikumwambia Josiah. Angecheka, halafu asingecheka. Mchana kutwa kifua kiliniuma, na kila mlango ulipogongwa maziwa yalitoka yenyewe. Nikajiambia sitarudi kule. Nikaenda kanisani, nikapiga magoti, na katikati ya sala nikajikuta nabembeleza.

Jioni ya siku ya tatu sikupika. Jua lilikuwa limezama. Josiah aliinua kichwa mezani.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Kwa mgonjwa," nikasema.

Nilitembea mpaka kwenye kona, halafu nikaanza kukimbia. Mtoto wangu alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimechelewa.