Poda ya Bwana wa Kasri

Siku walipokutana, ukumbi wa studio ulifurika waigizaji hadi pa kuweka mguu hapakuwepo. Jamaa mmoja mrefu, mweusi tii, ndani ya koti la mahameli lenye vifungo vya dhahabu bandia, alirudi kinyumenyume akayamwaga makopo yote ya mpambaji.

"Wee! Huna macho kisogoni?"

"Ningekuwa nayo ningekuona mapema, mrembo."

Mpambaji alicheka bila kupenda. Tangu hapo yeye akawa Poda, na jamaa akawa Bwana Mkubwa, maana alipewa kuigiza bwana wa kasri katika tamthilia ya enzi za kale, ya ukoo wa kitajiri unaoporomoka hadi kuuza vijiko. Matangazo yalijigamba kwamba safari hii kasri lina watu wa kila rangi.

"Mama amefua mashuka ya majumba kama yale miaka thelathini," alimwambia kwenye simu, na simu zao hazikuwa na mwisho. "Nataka anione nimekaa kile kiti kikubwa, Poda wangu. Basi."

Wiki ya pili mwongozaji alimvuta Poda pembeni. "Mng'arishe ngozi kidogo. Kesho kidogo tena. Akileta maneno, nafasi yake ina mtu."

Kusema ni kumpokonya mpenzi wake kile kiti. Poda akanyamaza, na hapo ndipo alipokosea.

"Taa zinakula rangi, mpenzi. Kwenye televisheni utaonekana ulivyo." Akampaka kuanzia paji la uso hadi shingoni. Mwenzake alifumba macho, akamwamini.

Sehemu ya kwanza ilirushwa Jumapili alasiri. Poda alialikwa nyumbani kwao kutambulishwa, amevaa gauni jipya la kijani. Nusu saa nzima bwana wa kasri alikula, akafoka, akalia. Mama mtu akamgeukia mwanawe kwa upole.

"Na wewe, mwanangu, unatokea saa ngapi?"

Bwana Mkubwa alitoka nje, na simu yake ikaja asubuhi.

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa watakutoa."

"Ungeniuliza, Poda. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mama yangu hakunijua. Ungeniuliza tu."

Siku ya mwisho walipiga picha za bwana kufukuzwa kasrini. Poda, ndani ya lile gauni la kijani, alikuwa amemaliza shavu moja mwenzake aliposema, "Nifute." Mwongozaji alikuwa amesimama palepale. Poda alishika kitambaa, akafuta.

Mwongozaji hata hakufoka. Alimvalisha mtu mwingine koti la mahameli, akampiga picha kwa mgongo akitoka mlangoni. Poda naye akaambiwa akusanye brashi zake.

Alimkuta bombani karibu na geti, ananawa kwa nguvu.

"Imetoka yote?"

"Bado, nyuma ya sikio." Akampangusa kwa kidole gumba, polepole. "Sasa imetoka. Nisamehe, Bwana Mkubwa."

"Nimekusamehe, wallahi. Lakini hiyo mikono yako, Poda, sasa naiogopa."

"Hata nikingoja?"

"Usingoje." Akafuta maji usoni kwa mkono wa shati. "Acha niende nikamwonyeshe mama sura ya mwanawe."

Poda alibaki bombani na gauni lake la kijani, akalia bila kujificha.