Nilimtuma Mwingine Akanichagulie Hodhi

Nina miaka hamsini na mbili, mwalimu, na nyonga yangu ya kushoto haijapona tangu nianguke kwenye ngazi za shule. Daktari alinishauri nijilaze kwenye maji ya moto kila jioni. Basi mume wangu, Mwakio, akaahidi kuninunulia hodhi la kuogea, lile refu la kujilaza, tuliweke katika nyumba tuliyokuwa tukiimalizia hapa Voi. Nililia kwa furaha... Mjinga mimi!

Watu walinicheka. Hodhi Voi, mji ambao mfereji ukitoa maji watu wanapigiana simu? Lakini nilikuwa na tangi la maji ya mvua, na maumivu yalikuwa yangu.

Mwenye duka alisema atakayeoga aje ajilaze ndani kabla ya kununua. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi, mama wa kanisa, nijilaze dukani mbele ya wanaume? Niliona haya. Nikamtuma Wakesho, msichana wa Makwasinyi niliyemkaribisha kwangu alipopata kazi mjini. Tulikula sahani moja, akiniita dada! Nilimwambia achague hodhi pana, lenye ukingo wa chini, nisihangaike kuinua mguu. Mwakio akampeleka.

Lililoletwa lilikuwa jembamba, ukingo wake unanifika kiunoni. Nilijaribu kuingia nikakwama, mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikilia kwa uchungu. Mwakio alisimama mlangoni akasema nitazoea.

Fundi aliyelifunga alinionea huruma.

"Mwalimu, usinitaje," akaniambia. "Mi nilikuwa hapo duka. Ule dada alilala ndani, mzee wako akamuuliza kama anatoshea. Akasema, 'Chukua hii hii, si huyo mama utampeleka kwa mamake Wundanyi?' Wakacheka."

Wakacheka! Mimi sipati usingizi kwa maumivu, wao wanacheka... Wewe ungefanya nini?

Nilipomuuliza Mwakio, hakukana. Alisema hewa ya milimani kule Wundanyi, kwa mama yangu, itanifaa. Alisahau kwamba kiwanja tulichojengea nyumba niliachiwa na marehemu baba, na hati ina jina langu!

Sikupiga kelele. Nilingoja Jumapili. Wao wakiwa kanisani, kila mmoja kwenye benchi lake kama watakatifu, fundi yule yule aling'oa hodhi. Nililijaza suruali za Mwakio na magauni ya Wakesho. Likapakiwa kwenye mkokoteni, nami nikaufuata nikichechemea mpaka mlangoni pa kanisa.

Ibada ilipoisha, kila mtu alilikuta pale.

"Hodhi lenu hilo," nikawaambia. "Tafuteni pa kuliweka."

Akina mama wenzangu walisimama kando ya njia wakiwatazama wale wawili wakisukuma mkokoteni kwenye jua la saa saba. Lo, utamu niliousikia moyoni siku ile!

Sasa wamepanga chumba kimoja. Nasikia hodhi halikupita mlangoni, kuku wa jirani wanatagia humo. Mchungaji ananisihi nisamehe. Nimemwambia bado.

Dada zangu, nawaomba... kitu kitakachoubeba mwili wako, nenda ukakijaribu mwenyewe. Vua viatu, panda, jilaze, na anayetaka kucheka acheke. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja dukani, nikampa mwingine nafasi yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Usimtume mtu!