Nambari Inayoishia na 47

Ijumaa, saa mbili unusu asubuhi, simu ya Ann Nyathira ililia katikati ya kelele za cherehani sita. Karakana yake ya ushonaji iko Sotik, nyuma ya kituo cha mafuta, na wiki hiyo yote alikuwa akingoja habari moja tu: hatima ya tenda ya kushona aproni za wachumaji wa majani chai. Aliyepiga alikuwa karani wa kiwanda.

"Mama, tumesikitika kweli. Tulidhani utaendelea."

"Niendelee na nini?"

"Na tenda. Si jana ulituandikia kwamba umejiondoa?"

Karani alimtumia barua hiyo kwa WhatsApp. Ilikuwa na jina la biashara yake, mhuri wake, na sababu: cherehani mbili zimeungua, kwa hivyo kazi haitawezekana. Ilitumwa Alhamisi saa saba mchana, na ilitoka kwenye barua pepe ya Ann mwenyewe. Karani akasema kwamba kama kuna makosa, ombi litumwe upya kutoka anwani hiyo hiyo kabla ya saa sita. Baada ya hapo tenda inafungwa.

Ann aliangalia mafundi wake. Cherehani zote sita zilikuwa zikienda. Kisha akaangalia meza iliyo kando ya mlango, alipoketi Sellah Nyabate, msichana anayemshikia kazi za ofisi.

"Sellah, fungua hiyo barua pepe."

Sellah alijaribu mara mbili. "Imekataa paswadi, mama. Inasema ilibadilishwa jana."

"Na nani?"

"Sijui."

"Hujui. Paswadi tunaijua wawili, mimi na wewe. Mimi hata hiyo laptop sijui kuiwasha." Ann alisimama, na mafundi wakapunguza mwendo ili wasikie. "Nimekulisha hapa mwaka mzima. Nani amekulipa uniuzie kazi? Mwizi wewe."

Shirley Kebaso alipofika, Konstebo Kiplangat, aliyeitwa na Ann, alikuwa amefika kabla yake. Shirley alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliopita. Badala ya kungoja ajira Nairobi, alirudi nyumbani na kuanzisha darasa katika ukumbi wa kanisa. Huko aliwafundisha wafanyabiashara wadogo kuandika ankara, kupanga faili kwenye kompyuta, kujaza fomu za tenda na kulinda barua pepe zao. Sellah alikuwa mwanafunzi wake, na ndiye aliyempigia simu akilia.

"Huyu hapa mwalimu mwenyewe," Ann alisema. "Si ni wewe uliwaambia wabadilishe paswadi? Kabla ya hayo masomo yako sikuwahi kuibiwa barua."

"Naweza kuona hiyo barua, Mama Muriuki?" Shirley alimuuliza Ann, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Uione ya nini? Wewe ni wa Chepilat, yeye ni wa Chepilat. Mnaelewana kwa lugha yenu na mtalindana."

Konstebo akampa Shirley simu ya Ann. Alisoma barua mara moja, akaangalia cherehani, akamgeukia Sellah.

"Ulibadilisha paswadi lini?"

"Jumatatu, vile ulitufundisha. Nikamwandikia mama kwa karatasi."

"Na jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nakula."

"Na laptop?"

"Ilikuwa hapa mezani, imezimwa."

"Nani alikuona?"

Sellah alitazama mafundi. Wote waliinamisha vichwa. Saa saba wao huenda kula hotelini, na yeye hubaki peke yake.

"Unaona?" Ann alisema. "Afande, mchukue."

Konstebo Kiplangat alivaa kofia yake. "Kuna watu wanapigania ng'ombe huku nyuma ya soko, na wameshaanza kushikana mashati. Nikimaliza nitarudi kumchukua huyu msichana. Mwalimu, kama una la kusema, liseme mapema. Na wewe usiondoke hapa," akamwambia Sellah.

Shirley alivuta laptop karibu. Pale chini ya mahali pa kuandikia paswadi palikuwa na maneno ambayo watu wengi huyapita: *Umesahau nenosiri?* Aliyabonyeza. Kompyuta ikasema inaweza kutuma msimbo kwa simu iliyosajiliwa, lakini ilificha nambari yote isipokuwa tarakimu mbili za mwisho: 47.

"Mama Muriuki, simu yako inaishia na ngapi?"

"Kumi na mbili. Kwani?"

"Yako, Sellah?"

"Themanini."

"Basi kuna simu nyingine ambayo inaweza kufungua hii barua pepe na kubadilisha paswadi bila kujua ile ya zamani. Ni ya nani hii ya 47?"

Ann hakujua. Alisema, hata hivyo, kwamba msichana mwerevu anaweza kununua laini nyingine kwa pesa ya chai. Shirley alimuuliza swali tofauti.

"Ukitoka kwenye tenda, nani anabaki?"

"Danson Muchiri. Yule wa barabara ya kwenda Kisii. Ananichukia tangu nichukue kazi ya sare za sekondari."

Danson alimpokea Shirley akiwa na tepu shingoni na pini midomoni. Aliposikia jina la Ann alizitoa pini, moja moja.

"Mwambie huyo mama nina tenda yangu na nimeiandika vizuri. Sina haja ya kuiba yake."

"Sijasema umeiba. Nauliza jana saa saba ulikuwa wapi."

"Nilikuwa hapa, nikimpima kasisi kanzu. Unataka namba ya kasisi?" Alicheka bila furaha. "Na wewe ni polisi tangu lini? Si wewe ni yule wa kufundisha wamama kubonyeza maneno?"

"Ni mimi. Simu yako inaishia na ngapi?"

"Sifuri tisa. Sasa toka dukani kwangu."

Shirley hakutoka. Maombi ya tenda yalitumwa kwa barua pepe, kwa hivyo Danson pia alikuwa nayo. "Nifanyie kitu kimoja kisha niende. Chukua simu yako. Ingia kama mtu aliyesahau paswadi. Usiniambie paswadi yenyewe. Niambie tu msimbo utatumwa kwa nambari gani."

Danson alifanya hivyo kwa dharau, kidole kikigonga kioo kana kwamba kinamgonga Shirley. Kisha kidole kikasimama.

"Inasema 47." Akainua uso. "Hii si namba yangu. Hii ni namba ya nani?"

"Nani alikufungulia barua pepe?"

"Zack. Nilienda tu pale saibani kwake, kwenye kompyuta za kukodi, akaniambia keti, akajaza kila kitu. Sikuwa na simu ya maana wakati huo, akasema ataweka yake ili nisisumbuke." Danson aliketi juu ya kitambaa cha mteja bila kujali. "Lakini Zack amefungulia watu wote hapa. Hata kasisi. Hata chama cha maziwa."

Kila mtu Sotik alikuwa amepitia mikononi mwa Zack Bogonko. Akina mama walileta vitambulisho, yeye akaandika, akalipwa, wakaenda zao wakiwa na anwani kwenye kipande cha karatasi. Hakuna aliyeuliza nambari gani imewekwa. Shirley mwenyewe alijifunza kuchapa kwenye kompyuta za Zack, likizo za sekondari, na Zack hakumtoza hata senti. Alitembea kuelekea saibani akiomba iwe ni laini iliyouzwa, au simu iliyoibwa, au chochote kingine.

Saiba ilikuwa na kompyuta nane na mteja hakuna. Zack aliketi kaunta, simu mbili mbele yake.

"Mwalimu mkuu," alisema. "Umenikumbuka leo. Nilidhani wasomi hawaingii vibanda kama hivi."

"Habari ya kazi, kaka Zack?"

"Kazi gani? Angalia viti. Zamani hapa watu walipanga foleni mpaka kwa muuza viatu. Siku hizi kila mtu amesoma kwako, kila mtu ni karani." Alisogeza simu moja pembeni. "Hata hivyo mpe Mama Muriuki pole zangu. Kuungua kwa cherehani mbili wakati wa tenda ni bahati mbaya."

"Nani amekuambia?"

"Si mji mdogo huu? Watu wanasema."

"Watu wanasema amejiondoa?"

"Wanasema karani wake alimwandikia vibaya. Hayo ndiyo matunda ya kozi za wiki mbili."

Shirley alimuaga kwa adabu, akatoka, na alipofika kona akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Konstebo Kiplangat. Ya pili ilikuwa ya Ann, na ilimchukua maneno mengi kumshawishi aje na simu yake, na aje na Sellah.

Ilikaribia saa tano walipoingia saibani wote wanne. Suruali ya konstebo ilikuwa na matope hadi magotini na hasira yake ilikuwa karibu.

"Haraka," alisema. "Na isiwe mchezo."

"Kaka Zack," Shirley alisema, "simu yako ya biashara ni ipi?"

"Hii. Imeandikwa hapo nje ukutani. Inaishia na 47. Kwani kuwa na simu ni kosa?"

"Hapana. Afande, tafadhali ishike wewe." Konstebo aliichukua kabla Zack hajanyoosha mkono. "Mama Muriuki, bonyeza hapo penye *tuma msimbo*."

Ann alibonyeza. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu, ila pikipiki zikipita nje. Kisha simu ikatetemeka mkononi mwa konstebo.

"Msimbo wa kufungua akaunti," alisoma. Akapandisha ujumbe kwa kidole gumba. "Na kuna mwingine juu yake. Wa jana. Saa saba kasoro dakika tano."

Ann alimtazama Zack kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona.

"Subirini," Zack alisema. "Hiyo simu hukaa kaunta siku nzima. Yeyote anaweza kuishika nikienda msalani. Hata huyu Sellah alikuja kutoa kopi juzi."

"Nilikuja Jumanne," Sellah alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu watoke karakana. "Jana sikuja."

"Una shahidi?"

"Tuache simu," Shirley alisema. "Asubuhi uliniambia cherehani mbili za Mama Muriuki zimeungua. Nani alikuambia?"

"Nimeshakwambia. Watu."

"Mama, kuna cherehani yako iliyoungua?"

"Hakuna. Zote sita zinashona tangu asubuhi. Hata fundi wa kuzirekebisha hajaja."

"Basi hakuna mtu mjini angeweza kuona kitu ambacho hakikutokea. Habari ya kuungua iko mahali pamoja tu, ndani ya barua iliyotumwa jana. Walioiona hapa Sotik ni Mama, Sellah, afande na mimi. Danson sikumwambia. Wewe uliisomea wapi, kaka Zack?"

Zack alimtazama konstebo, kisha kompyuta zake nane, kisha Shirley, na sura yake ikabadilika ikawa ya chuki tupu.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nimewafanyia hawa watu kila kitu. Walikuwa hawajui hata kushika mausi ya kompyuta. Ukaja wewe, niliyekufundisha kuchapa jina lako, ukawaambia wasimpe mtu paswadi. Mtu ni nani? Si ni mimi?"

"Nilisema yeyote."

"Ulisema mimi. Jumatatu nilitaka kuingia kwa akaunti ya huyu mama kumwangalizia tenda kama kawaida, nikakuta imefungwa. Mimi, nafungiwa mlango niliojenga."

"Kwa hivyo ukamharibia?"

"Tenda zingine zinakuja. Nilitaka waone. Mwanafunzi wako bora akikosea, akifukuzwa, nani angerudi kwa hilo darasa? Wangerudi hapa." Sauti yake ilishuka. "Wangerudi tu."

"Na mimi ningelala seli," Sellah alisema.

Konstebo alimwambia Zack kwamba kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa na kuandika kwa jina lake ni makosa, na kwamba atayaeleza hayo yote kituoni. Akamwachia Shirley muda wa kutumia msimbo kwanza, kisha akatoka na Zack na simu zote mbili. Zack alipopita mlangoni Shirley alitaka kumwambia kitu, kuhusu zile likizo, lakini Zack aligeuza uso.

Walirudi karakana karibu wakikimbia. Akaunti ilikuwa wazi, na ombi la tenda lilikuwa salama ndani ya faili aliloliandaa Sellah. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Keti haraka," Ann alimwambia Sellah. "Andika kwamba ile barua ni ya uongo, uambatishe hiyo kitu, utume."

Sellah alibaki amesimama.

"Hukusikia? Saa zinaisha."

"Nimesikia, mama. Uliniita mwizi."

"Nilikuwa na hasira. Hayo tutaongea baadaye."

"Hukuniita kando. Uliniita mbele ya hawa wote." Alionyesha mafundi kwa kidevu. "Mmoja wao anatoka nyumbani kwetu. Jioni hii mama yangu atakuwa amesikia."

Ann alimgeukia Shirley. "Basi tuma wewe. Si wewe ndiye mwalimu?"

Shirley aliitazama ile laptop. Angeweza kumaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. "Ofisi ni ya Sellah," alisema, akaweka mikono yake nyuma.

Cherehani zilikuwa zikinguruma. Ann alifungua mdomo kusema, na kelele zikammeza. Alijaribu tena kwa sauti zaidi, na fundi mmoja tu ndiye aliyegeuka. Basi akatembea hadi ukutani, kwenye swichi kubwa ya umeme, akaivuta chini. Cherehani zote zikazimika mara moja. Karakana ikawa kimya kiasi cha kusikia mvua ya mbali upande wa Kericho.

"Sikieni," Ann Nyathira alisema. "Asubuhi niliwaambia huyu msichana ni mwizi. Si mwizi. Aliyefanya hivyo ni mtu mwingine, amekamatwa. Nilimkosea, na nilimkosea mbele yenu, ndiyo maana nasema mbele yenu. Atakayetoka hapa aseme vingine, atakuwa ananisingizia mimi." Hakuwa amezoea kuomba radhi. "Sellah, mama yako nitampigia mwenyewe."

Sellah alifuta macho kwa upande wa kiganja. Akavuta kiti, akaketi, akaweka vidole kwenye herufi.

"Sasa washa stima, mama," alisema. "Bila stima hakuna Wi-Fi."