Koti la Mkia

Soko la mitumba la Eldoret siku ya kufungua marobota halina heshima. Watu hupigana viwiko, na anayechelewa huokota mabaki. Novemba ile ya 2007, Murunga alivuta mkono mmoja wa koti la kijani kutoka kwenye rundo, na mtu mwingine akavuta mkono wa pili.

"Achilia, mama. Nimeliona kwanza."

"Mimi nilikuzaa lini?" sauti ikamjibu.

Murunga akainua macho. Msichana mrefu, mwenye mwanya kwenye meno, sketi ya maua juu ya suruali ya jinzi, gambuti zenye matope mekundu, kitambaa cha manjano kichwani.

"Unajua hata umeshika nini?" akamuuliza.

"Koti. Mimi hushuka kutoka Timboroa na lori la viazi alfajiri. Meno yangu yanagongana mpaka dereva anafikiri injini imeharibika."

Murunga alikuwa muuzaji wa makoti, na hakuna kitu alichokijua duniani zaidi ya makoti ya jeshi. Akaligeuza lile ndani nje.

"Koti halisomwi mgongoni, linasomwa tumboni. Angalia. Zipu ni ya chuma. Kitambaa ni pamba nzito, kimepauka kwa jua, si kwa dawa. Lebo haina habari za kufua, ina nambari za jeshi tu, na karibu zifutike. Mkia huu wa nyuma umepasuliwa katikati, na kamba zake ni za kufunga mapajani, upepo usiingie. Askari wa Marekani walivaa hili kabla baba yangu hajaoa. Siku hizi viwanda vinaiga. Mkia upo, lakini zipu ni ya plastiki na kitambaa kinateleza. Halafu kuna yale ya raia, hata mkia hayana, yana mfuko wa simu."

"Na polisi wakinishika na nguo ya jeshi?"

"Waambie vita vyake viliisha zamani."

Msichana akacheka, na Murunga akafanya jambo ambalo mfanyabiashara hafanyi. Akaachilia.

"Umenipa?"

"Nimekupa. Lakini uniachie nambari ya simu."

"Nyinyi Waluhya. Kwani simu inavaliwa?" Akaisema nambari hata hivyo, na jina pia. Jerop.

Tangu hapo simu ya Murunga ilikuwa moto kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula kuku."

"Muongo. Umekula sukuma."

"Basi njoo unipikie, mrembo."

"Nije na mursik, maziwa ya kibuyu ya sisi Wakalenjin?"

"Njoo nayo, lakini usinilazimishe."

Siku nyingine Jerop akalalamika. "Koti lako lina wapenzi wengi. Ndugu yangu Kipkirui akienda kulinda viazi shambani analibeba bila kuuliza."

"Mwambie alichunge. Uasin Gishu nzima hakuna lingine kama hilo."

Alisema hivyo kwa majivuno, kisha akaja kuyaamini majivuno yake. Kufikia Krismasi alikuwa ameahidi kuwaleta wajomba zake Timboroa mwezi wa kwanza, wamwone baba yake Jerop.

Kura zikapigwa, matokeo yakasomwa, na mji ukawaka.

Murunga alikuwa mtaani kwake Langas, amejibanza nyuma ya mabati adhuhuri kweupe. Kwenye tundu la msumari aliwaona vijana wakienda nyumbani kwa mwenye nyumba wake, mzee Mkikuyu aliyempokea mjini akiwa hana hata sufuria. Wa mbele alibeba mtungi wa petroli. Alivaa koti la kijani, kofia yake imefunika uso, doa la rangi nyeupe mgongoni, na mkia uliopasuliwa ukipiga-piga miguu. Mzee hakutoka ndani ya ile nyumba.

Jerop alipiga simu siku ile, akapiga tena na tena. Mwishowe Murunga akashika.

"Uko hai? Asante Mungu. Niambie uko wapi, mpenzi, nitume mtu akutoe."

"Mtume Kipkirui. Njia ya Langas anaijua."

"Unasema nini?"

"Mzee amechomeka, Jerop. Na koti nililokupa lilikuwa nje limeshika mtungi."

"Ulimwona uso?"

"Nililiona koti. Mimi na makoti hatudanganyani."

Murunga akakata, akaitoa kadi ya simu na kuivunja kwa meno. Kesho yake akapanda lori la kwenda kwao Webuye.

Huko Webuye alilima bila moyo. Mama yake alimtafutia msichana, akamkataa. Akamtafutia wa pili, akaondoka nyumbani. Zaidi ya mwaka ukapita kabla hajarudi Eldoret na kutundika makoti tena. Kila aliposikia msichana akicheka sokoni aligeuka, kisha akajitukana kimoyomoyo.

Asubuhi moja jirani yake wa soko, Wangila, akamtupia koti mapajani.

"Wewe ndiwe daktari wa haya. Ni la jeshi kweli ama nitadanganya wateja?"

La kijani. Mkia umepasuliwa. Mgongoni, doa jeupe. Murunga alilijua doa lile kama mtu anavyojua kovu lake.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa rundo la nguo kuukuu. Nani anajua?"

Mikono ya Murunga ikaligeuza yenyewe. Zipu ilikuwa ya plastiki. Kitambaa kiliteleza chini ya kidole gumba. Lebo ilisomeka vizuri kabisa, ikieleza namna ya kufua. Kamba za mkia zilikuwa za urembo, fupi, zisingefunga hata paja la mtoto.

"Feki?" Wangila akauliza.

Murunga alikuwa ameketi chini kwenye vumbi. "Feki. Na mimi niliapa kwa hili."

Alipiga nambari ya Jerop, aliyokuwa ameikariri kichwani hata alipojilazimisha kuisahau. Haikupatikana. Akaacha makoti kwa Wangila na kupanda gari la Burnt Forest, maana wauza viazi wa Timboroa wengi walikuwa wanauzia huko sasa.

Alimkuta nyuma ya magunia, karibu na kuta nyeusi za maduka yaliyoungua. Sweta kuukuu, kitambaa cheusi kichwani, uso umekonda. Ule mwanya ulikuwepo, ila hakumwonyesha.

"Umepotea, mteja," Jerop akasema.

"Jerop, nilikosea. Koti la Langas lilikuwa la kuiga. Nimelishika kwa mikono hii."

"Umelisoma tumboni?"

"Nimelisoma."

"Wakati ule hukusoma. Na mimi nilikuamini." Alikuwa akipanga viazi, vikubwa juu, vidogo chini. "Kipkirui alirudi siku zile bila koti, na hakutaka kusema liko wapi. Na wewe ulikuwa umeniambia maneno yako kwa simu. Nikamwambia baba, Murunga hawezi kukosea koti. Baba akamwita mbele ya wazee, aape. Akakataa. Akasema hawezi kuapa mbele ya dada aliyemwamini mtu wa soko kuliko yeye. Akaenda Kitale. Nikipiga, akiona nambari yangu anakata. Mama anapika na kulia."

"Na koti?"

"Mwezi uliopita mama mmoja Mkikuyu alitoka kambi ya wakimbizi akaja hapa kununua viazi, amelivaa. Nikaomba kuligeuza, vile ulinifundisha. Zipu ya chuma. Alisema kijana fulani alimpata msituni na mtoto mchanga, akawafunga nalo, akawavusha hadi barabarani. Kipkirui angesema hivyo nyumbani wakati ule, vijana wenzake wangemuua." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hivyo hukuniletea habari, Murunga. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nataka tu kuona kama utakuja."

Murunga alipiga magoti kwenye maganda ya viazi, na wanawake wa soko wakaacha kuita wateja.

"Niambie nifanye nini. Unifukuze, nitaenda. Lakini niambie."

"Toa simu. Yangu Kipkirui hashiki. Yako haijui."

Akamsomea nambari. Simu ikaita muda mrefu.

"Nani?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Naitwa Murunga. Mimi ndiye nilisema ulikuwa Langas. Nilidanganya, ndugu yangu. Sikukuona. Niliona nguo, nikaiwekea uso wako. Nitakuja kusema hivyo mbele ya baba yako na wazee wote."

Mahali fulani kule Kitale ng'ombe akalia.

"Uko na nani?"

"Na dada yako."

"Mpe simu."

Jerop akachukua simu na kuwapa wote mgongo. Aliongea Kikalenjin, maneno mafupi, kisha mabega yakawa yanapanda na kushuka. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Anasema siku ya kuja nyumbani, wewe utaingia kwa baba kwanza. Yeye atakuwa nyuma yako. Kama ni fimbo, zianzie kwako."

"Nitaingia. Na wewe unasemaje, Jerop?"

"Mimi bado nina hasira." Akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akakaza. "Lori la Timboroa linaondoka. Beba hili."