Ordre de Mission ya Bwegera

Sidonie alikuwa karibu kufika nyumbani kwake Kilibula, mjini Uvira, alipokumbuka kuwa ufunguo ameuacha ofisini, kando ya kompyuta. Akarudi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima, na mwaka ule wa vita hakuna aliyetaka giza limkute njiani.

Ngongo, mlinzi, alimfungulia mlango.

"Mama Sidonie, weye uliacha kitu kwa moto?" aliuliza chini-chini. "Iko harufu ya muchele unaungua."

"Minye ndiyo nafika, Papa Ngongo."

Ndani hamkuwa na mtu. Ilikuwepo serveri tu, pale pembeni, inanguruma.

Na serveri hiyo, jamani, ndiyo iliyomponza. Zamani faksi ilikuwa mashine moja: unaingiza karatasi, inapiga simu mbele ya macho yako, unajua. Kisha Rémy, fundi, akaleta serveri. Sasa unaandika kwenye kompyuta yako, unabonyeza, barua inapita kwenye waya na kupanga foleni ndani ya serveri. Yenyewe ndiyo inapiga simu. Wasipojibu, inangoja dakika kumi, inajaribu tena. Na kwa kuwa laini za wakati wa vita ni za kubahatisha, Rémy aliiamuru isichoke.

Siku wapiganaji waliposhukia uwanda wa Ruzizi, Sidonie alituma ordre de mission, karatasi ya ruhusa ya safari, kwa kituo chao cha kugawa mchele huko Bwegera: tokeni mpaka barabarani, gari linakuja. Bila karatasi ile hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuacha kituo, na huko walikuwa watu watatu, mmoja wao Hyacinthe, mume wake. Kompyuta ikaandika: imetumwa.

"Imefika?" chef, mkuu wake, aliuliza.

"Imefika."

Maskini, ilikuwa imefika kwa serveri tu. Gari lilingoja barabarani, halikuona mtu, likarudi. Wale watatu walingoja karatasi mpaka kituo kikachomwa, wao na magunia ya mchele. Wiki tatu zilipita, na Sidonie alilijua kosa lake, ila hakumwambia mtu.

Jioni ile serveri ikaanza tena kupiga simu.

Tu... tu... tu...

Akatazama skrini. Bwegera.

Simu ikapokelewa.

Mlio mwembamba wa faksi mbili zinazosalimiana ukajaza chumba. Kisha neno: IMEPOKELEWA. Harufu ya mchele ikazidi.

Barua ikaingia kwenye sanduku la barua la kompyuta yake. Ikafunguka polepole, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa Hyacinthe, ule unaolalia kushoto.

"Barua tumepata. Gari iko wapi?"

Alilia. Aliogopa, ndiyo, lakini aibu ilizidi hofu. Akaandika: "Gari ilirudi. Ni minye nilikosa. Nilisema imefika. Unisamehe." Akabonyeza, akatoka mbio, na ufunguo akausahau tena. Usiku ule alilala kwa jirani.

Asubuhi alimweleza Rémy yote, bila kuficha.

"Labda waliiba mashine, wakaifunga fasi ingine," Rémy alisema.

"Na mwandiko?"

Rémy alifungua kumbukumbu za serveri. Simu za Bwegera zilipita elfu tatu. Zote hazikujibiwa, hata ya jana jioni.

"Lakini kwa sanduku yako," alinong'ona, "iko barua mbili."

Mbili...

Ya pili iliingia jana, dakika chache baada ya Sidonie kukimbia. Rémy aliifungua. Mwandiko uleule.

"Tunajua. Basi tunakuja kwa miguu."

Rémy alichomoa waya wa serveri ukutani. Sidonie alihesabu kwa vidole. Kutoka Bwegera mpaka Uvira, kwa miguu, ni siku mbili. Kesho jioni.

Ufunguo wake ulikuwa bado mezani. Akauchukua, akaufumba mkononi.

Nyumba yao ilikuwa na funguo mbili. Wa pili, Hyacinthe aliondoka nao.